Mapacha, Udongo na Mgongo Wangu

Naandika haya kwa ajili ya mzazi mmoja ambaye simjui. Yuko kitandani sasa hivi, ameambiwa asinyanyuke, na nje ya mlango anasikia watoto wake wadogo wakivunja kitu. Hajui walichovunja ni nini na hawezi kwenda kuangalia. Mimi nilikuwa hapo hapo alipo. Leo natembea, na watoto wangu wako salama. Basi pumua kwanza, nikusimulie.

Nilikuwa dereva wa bodaboda pale Majimoto. Abiria nilibeba, lakini zaidi nilibeba mpunga, magunia ya kutoka mashambani kwenda mashineni. Kwa hiyo mgongo ulipoanza kuuma nilijua ni magunia. Kila mtu alijua ni magunia. Mke wangu, Mama Kulwa, alinikanda kwa maji ya moto. Nilimeza vidonge vya maumivu mpaka yule kijana wa duka la dawa akawa ananipa kabla sijafungua mdomo. Kisha nikaanza kukonda, suruali nikawa naifunga kwa kamba. Nikilala nilitoka jasho hadi shuka likawa la kukamua.

Siku moja nilisimamisha pikipiki sokoni, nikashusha mguu nijiegemeze, mguu ukakataa. Kwa macho niliuona pale chini, lakini haukunipokea. Tukaanguka wote, mimi na pikipiki na mama mmoja aliyepakata kuku. Kuku wakatawanyika sokoni. Yule mama alinitukana vizuri sana, mpaka alipoona najaribu kunyanyuka na siwezi. Hapo akasahau kuku wake, akaanza kupiga kelele watu waje.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza nilipofikishwa hospitali Mpanda. Kuhusu lile benchi la kusubiria nina neno moja tu la kukwambia: chukua mkeka. Mimi sikuweza kukaa, hivyo Mama Kulwa alitandika mkeka sakafuni, nikalala hapo katikati ya miguu ya watu. Foleni ikisonga, wagonjwa wenzangu walishika pembe za mkeka na kunivuta mbele. Kulikuwa na mzee wa Kasokola, mkono wake umevimba kama muhogo, naye alivuta kwa mkono ule mzima. "Twende, baba," walikuwa wanasema kila mara, na mimi nateleza kwenye sakafu kama mzigo wa thamani. Nilicheka siku ile, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mke wangu. Aliinua picha ya mgongo wangu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akatutazama na sisi.

"Ni TB," alisema. "Imeingia kwenye mifupa ya mgongo."

Mama Kulwa akaanza kulia.

"Mama, usilie. Hii inapona. Lakini itataka subira. Dawa mwaka mzima bila kuruka, na baba alale chali."

"Mpaka lini?" niliuliza.

"Mpaka mgongo wenyewe utuambie."

Walituambia pia kwamba TB ya mifupa, ikiwa haipo kifuani, haiambukizi kwa kukaa karibu. Hata hivyo walitaka watoto wapimwe, wakapimwa, wakawa salama. Ile ndiyo habari niliyoondoka nayo moyoni. Nilijua naweza kurudi nyumbani na kulala karibu na wanangu.

Wanangu ni mapacha. Sisi Wasukuma pacha anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto. Kwangu Kulwa ni msichana na Doto ni mvulana. Wakati ule walikuwa na miaka minne, umri ambao mtoto ana mbio kuliko akili. Nilirudishwa nyumbani nyuma ya pikapu, nimelala juu ya godoro, nimefungwa mkanda mgumu uliotoka kwapani hadi kiunoni. Walikuja mbio kunilaki, wakasimama ghafla. Doto alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akamuuliza mama yake, "Huyu baba mbona amepungua?"

Siku mbili hazijaisha, baba yangu akaja. Yeye ndiye aliyetuleta Katavi na ng'ombe wake nikiwa kijana, na hadi leo anaishi ng'ambo ya mto na mifugo yake. Alikaa kwenye kigoda. Mama Kulwa alimletea maji akiwa amepiga magoti, kama inavyopasa kwa mkwe, kisha akarudi nyuma ya mlango kusikiliza.

"Hawa watoto waende Kahama kwa shangazi yao," baba alisema. "Mkeo akiingia majarubani kupandikiza mpunga, hapa atabaki nani wa kuwaangalia? Wewe?" Akaitazama miguu yangu.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na sababu. Barabara iko karibu na kwetu, na wakati wa mvua kuna mashimo yamejaa maji kila mahali. Nyuma ya mlango nilisikia Mama Kulwa akivuta pumzi. Nikajua kwamba akikataa ataonekana mkaidi, na akikubali itamuua.

"Baba," nilisema, "niachie mpaka kupandikiza kuanze. Nikishindwa, njoo uwachukue."

"Kahama si jela," alisema.

"Najua. Lakini niachie."

Akakubali. Alipoondoka, Mama Kulwa akatoka akasimama kando ya kitanda changu. "Baba Kulwa, umeahidi nini? Wewe hata nzi huwezi kumfukuza."

Asubuhi ya kwanza ilionyesha kwamba alisema kweli. Alikwenda kwenye kitalu cha miche, akaniacha kitandani barazani, na akamwomba jirani yetu, Mama Zawadi, asikilizie kama nitaita. Nikaita sana. Kulwa alipanda kifuani kwangu. Doto alimwaga uji, akalia kwa sababu uji umemwagika, kisha nikamwona anaelekea barabarani akiwa amevaa sufuria kichwani. Nilimwita mpaka sauti ikakauka. Mama Zawadi ndiye aliyemkamata. Alimrudisha kwapani kama jogoo, akanitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko mgongo.

Nikawaza nikiwa nimetazama bati. Miguu ya kuwakimbiza sina. Fimbo sina, na hata ningekuwa nayo ingefika wapi? Nikajiuliza mimi nilipokuwa mdogo machungani, kutwa nzima bila mtu mzima, nilikuwa nafanya nini mpaka jua linazama sijui. Jibu likaja lenyewe.

"Nani anajua kutengeneza ng'ombe?" niliuliza kwa sauti ya mtu asiyejali sana.

Doto akageuka: "Ng'ombe wa kweli?"

"Wa udongo. Lakini akitengenezwa vizuri anakuwa wa kweli. Leteni udongo wa kichuguu, ule mwekundu, na maji kidogo kwenye kopo. Kidogo!"

Maji waliyoleta hayakuwa kidogo. Nilikanda udongo nikiwa chali, mikono nimeinua juu ya uso, tope likinidondokea shingoni na kuingia ndani ya mkanda. Ng'ombe wangu wa kwanza alifanana na kiatu. Kulwa alimgeuza huku na huku, akasema, "Huyu anaumwa mgongo." Tukaanza zahanati ya ng'ombe hapo hapo.

Mama Kulwa aliporudi alikuta kitanda chekundu, shuka jekundu, mume mwekundu hadi masikioni. Alikuwa amechoka. Akatupa jembe chini.

"Nani atafua hii? Niambie, nani? Mimi nina mikono mingapi?"

Kisha macho yake yakaenda pale sakafuni. Mapacha walikuwa wamechuchumaa bega kwa bega, hawajainua hata vichwa kumwona. Wanapanga ng'ombe zizini, wananong'ona. Akauliza kwa sauti ya chini, "Wamekaa hivyo tangu saa ngapi?"

"Tangu jua lilipokuwa kwenye mwembe wa Mama Zawadi."

Akafunika mdomo kwa kanga. Sikujua kama analia. Alikuwa anacheka. Kesho yake alinitandikia gunia kuukuu juu ya shuka, ndipo akaenda shambani.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi mpya. Nitakueleza niliyojifunza, maana hayo ndiyo yatakayokufaa.

Usianze na kitu kimoja tu, kwa sababu mtoto wa miaka minne anachoka ghafla, na akichoka anakumbuka barabara. Mimi nilikuwa na udongo, na pembeni nina maboksi ya dukani ambayo Mama Zawadi alituletea. Boksi moja ni gari, kesho yake ni nyumba, keshokutwa limelowa, tunalichana vipande na kuvifanya samaki. Gundi ni unga na maji vilivyochemshwa hadi vikanata, na ukiiacha wazi watailamba, wala haina madhara. Vizibo vya soda vikitobolewa na mtu mzima na kutungwa kwenye waya vinakuwa kayamba, ila usitengeneze kayamba siku ambayo kichwa kinakuuma. Ndala zilizokatika hukatwa magurudumu. Vizibo vidogo na mbegu viweke mbali kama kuna mtoto anayeweka vitu mdomoni, na kisu kaa nacho wewe.

Jambo jingine: usiwarekebishie. Siku moja Doto alitengeneza ng'ombe mwenye miguu mitano. Nikamwambia ng'ombe ana minne. Akaubandua ule wa tano, akaniwekea kifuani, akaondoka zake, na siku ile ikawa ndefu sana kwangu. Tangu hapo ng'ombe wetu walikuwa na miguu waliyojaliwa.

Kupandikiza kulianza, na baba akaja kama alivyosema. Alikuwa amevaa koti lake la safari. Mama Kulwa alikuwa amefunga nguo za watoto kwenye mfuko, akauweka karibu na mlango, naye akaingia ndani asionekane. Moyo ulinidunda hadi nikausikia kwenye mkanda.

"Wako wapi?" baba aliuliza.

Nikaonyesha kwa kidevu. Walikuwa pembeni ya baraza na zizi lao, limezungushiwa vijiti, na ndani yake ng'ombe wa kila namna. Baba akaenda kuwachukua. Kulwa akainua kichwa kumtazama babu yake.

"Shikamoo, guku. Usikanyage, hapo ni mlango wa ng'ombe."

Baba akarudisha mguu. Akatazama chini. Mzee yule hajawahi kupita mbele ya zizi bila kukagua, na hili nalo alilikagua.

"Huyu dume nundu yake iko wapi?" aliuliza.

"Nundu ni nini?" Doto akauliza.

Baba akanigeukia kama nimemtukania ukoo. "Hujawafundisha nundu?"

Akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akachuchumaa. Viungo vyake vilisikika. Akachukua udongo, akautemea mate kidogo, akaanza kuufinya kwa vidole vile vyenye makovu ya kamba. Mimi sikuwahi katika maisha yangu kumwona baba akicheza. Alitengeneza dume mwenye pembe zilizopinda ndani, nundu imelala upande mmoja. Akawaambia dume huyo alikuwa wake enzi hizo huko Shinyanga, jina lake, rangi yake, na jinsi alivyouvuka mto mzima akiwa amemshika mkia. Mapacha walimtazama midomo wazi. Wakamwomba jike lake. Akatengeneza jike. Wakamwomba ndama.

Jua lilikuwa limegeuka aliponawa mikono. Mama Kulwa akatoka na ule mfuko wa nguo, ameinamisha macho.

"Rudisha hizo ndani, mama," baba alimwambia. "Nani ataondoka awaache ng'ombe wote hawa bila wachungaji?"

Mama Kulwa alipiga magoti kumshukuru, akaukumbatia ule mfuko kifuani. Baba alivaa koti lake likiwa na tope kwenye kola. Tangu siku ile akawa anakuja mara kwa mara, na kila alipokuja alidai amepita tu.

Nisikudanganye kwamba kila siku ilikuwa kicheko. Dawa zilinichafua tumbo, na mkojo ukawa mwekundu kama soda ya sitroberi, jambo ambalo Doto alilitangaza kwa majirani wote kwa fahari. Kuogeshwa na mke, kugeuzwa na mke, chupa ya haja kushikiwa na mke aliyetoka kuinama kwenye maji kutwa nzima, si kitu rahisi kwa yeyote kati yenu. Tuligombana kwa mambo ya kijinga. Mvua zilipokuwa zinaisha, miguu bado ilikuwa kimya, na siku moja niligeuza uso ukutani, nikakataa kuongea na mtu. Mahindi yalikuwa yameshavunwa wakati huo, na watoto walikuwa na magunzi tele.

Nilisikia kitu kinawekwa karibu na shingo yangu. Lilikuwa gunzi lililofungwa kitambaa cha kanga tumboni, kwa kukaza sana, kuanzia kwapani hadi kiunoni. Macho yake yalichorwa kwa mkaa.

"Huyu naye amekatazwa kukaa," Kulwa alisema. "Mpishe kidogo."

Nikampisha. Tukalala pale wawili, mimi na gunzi, na baada ya muda nikaona ni ujinga kumnunia gunzi.

Kiangazi kikaingia. Tulikuwa na mabua makavu ya kutengeneza malori, na bustanini kwa Mama Zawadi kulikuwa na bamia zilizokomaa, ngumu, hazifai kuliwa. Ukikata bamia katikati ukaichovya kwenye rangi, inachapa ua zuri lenye petali tano. Rangi tulitengeneza wenyewe: mkaa uliosagwa, udongo mwekundu, na manjano ya jikoni. Walichapa maboksi. Walichapa ukuta. Walichapa mkanda wangu wote hadi ukawa kama gauni la bibi harusi. Sehemu zilipowaishia wakahamia miguuni. Mimi nilikuwa nimefumba macho, nawasikiliza tu wakibishana nani achape wapi.

"Mmemwaga maji?" niliuliza. "Kuna ubaridi."

"Hatujamwaga," Kulwa alisema.

"Kuna ubaridi hapa chini."

Nikafumbua macho. Kisha nikasema taratibu, "Doto, chapa tena. Hapo hapo ulipochapa."

Akachapa katikati ya unyayo. Ulikuwa ubaridi wa bamia iliyolowa rangi, na nyuma yake mtekenyo, mdogo, wa mbali, kama mtu anakuita akiwa ng'ambo ya mto. Kidole gumba kikacheza. Mapacha wakapiga ukelele, wakadhani ni mchezo mpya. Wakachapa, kikacheza. Wakachapa, kikacheza. Nilicheka mpaka machozi yakaingia masikioni, na Mama Zawadi akaja mbio na mwiko mkononi akidhani tumevamiwa.

Mama Kulwa aliporudi sikumwambia. Nilimpa bamia. "Chapa hapo," nilisema. Alinitazama kama nimerukwa na akili, akachapa. Kidole kikacheza. Akakaa chini pale pale, juu ya rangi, akaegemeza paji la uso kwenye mguu wangu wenye maua.

Kliniki iliyofuata nilikwenda Mpanda na mkanda wangu wa maua, maana yalikataa kutoka. Kwenye foleni watoto wa wagonjwa wengine walinizunguka wakayagusa moja moja. Nesi aliponivua soksi akakuta nyayo zimechapwa, akaita wenzake. Daktari yule dada hakucheka mara moja. Alipitisha kalamu chini ya unyayo, akaona vidole vinajikunja, ndipo akacheka kuwashinda wote.

Kuketi kulitangulia. Niliketi kwa muda wa kunywa chai tu, dunia ikazunguka, nikalazwa. Kisha nikasimama nikiwa nimeshikiliwa na baba upande mmoja na Mama Kulwa upande mwingine, mkwe na mkwe, mambo ya heshima wakayaacha kwa siku nyingine. Kabla kiangazi hakijaisha nilikuwa natembea na fimbo mbili hadi chooni, na hakuna safari niliyowahi kuifurahia kama ile. Mgongo umebaki na kinundu kidogo. Bodaboda nimeiacha, sasa nashona viatu na ndala pale sokoni, nimekaa kwenye kiti chenye egemeo.

Vidonge vya mwisho nilivimeza mvua mpya zilipoanza. Nesi wa kituo chetu cha afya alinipa mkono, akasema, "Baba Kulwa, sitaki kukuona tena hapa." Nilitembea kurudi nyumbani peke yangu, bila fimbo, manyunyu yakinipiga usoni. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilitaka mapacha waniite shujaa, wanirukie, tupige vigelegele.

Niliwakuta wamejikunja pembeni ya nyumba. Maji ya bati yalikuwa yanashuka kwenye mfereji walioujenga wenyewe, na juu yake zilipita boti za maganda ya ndizi zenye matanga ya karatasi. Nikasimama mbele yao, nimenyooka kadiri ninavyoweza kunyooka, nikafungua mikono.

"Nimemaliza dawa!" nilisema.

Doto hakuinua kichwa.

"Baba," alisema, "umesimama kwenye mto. Boti hazipiti."

Nikaangalia chini. Ni kweli, miguu yangu yote miwili ilikuwa imeziba maji. Nikainua mmoja, nikainua na wa pili, nikahamia pembeni.